Mwanamke Aliyeandikiwa Kufa: Maisha ya Anna May Wong (1905–1961) na Usawiri wa Mhusika Mkuu wa Kike katika Filamu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Makala haya yanasimulia maisha ya mwanamke aliyecheza kwao tangu akiwa msichana wa miaka 14 hadi karibu na siku ya kufa kwake, lakini tuzo alizostahili zikaenda kwa wengine. Jina lake la usanii ni Anna May Wong, na anatambuliwa kama Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Kichina kuwa nyota wa filamu za Hollywood.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuchunguza usawiri wa mhusika wa kike katika riwaya na tamthilia. Huuliza iwapo mhusika huyo ni bapa au ni duara, iwapo ana utashi wake au anasukumwa tu na matukio. Filamu nayo ni kazi ya kubuni. Ina msuko, ina maudhui, ina wahusika, na juu ya yote ina mwandishi. Hata hivyo, mhusika wa filamu huvaa mwili wa mtu halisi, na anapoandikwa vibaya, kuna mja aliye hai anayeubeba uandishi huo kila aendapo kazini. Maisha ya Anna May Wong yanatuonyesha uzito wa mzigo huo. Vilevile yanatulazimu kujiuliza: ni nani anayeamua kwamba mhusika wa kike afe, na anaamua hivyo kwa sababu gani?

Kuzaliwa na Malezi

Anna May Wong alizaliwa tarehe 3 Januari 1905 jijini Los Angeles, katika jimbo la California. Wazazi wake walimpa jina la Kichina, Wong Liu Tsong. Baba yake alikuwa dobi, na binti huyu alikulia katikati ya mvuke, sabuni na marobota ya nguo za wateja. Wazazi wote wawili walikuwa wazaliwa wa Marekani. Hata hivyo, nchi hiyo ilikuwa na sheria ya mwaka wa 1882 iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia, na sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka wa 1943. Familia ya Wong basi iliishi kama wageni katika nchi waliyozaliwa. Shuleni, dhihaka za wanafunzi wenzao zilizidi mno hata ikabidi yeye na dada yake wahamishiwe shule ya watoto wa Kichina.

Wakati huo wapigapicha za sinema walikuwa wakizuru mtaa wa Wachina kutafuta mandhari ya filamu zao. Binti wa dobi aliwafuata na kuwatazama kwa saa nyingi, na pesa alizopewa za chakula cha mchana akazilipia kiingilio cha sinema. Baba yake hakuipenda hamu hiyo, lakini sikio la mpenzi halisikii. Mwaka wa 1919 alipata nafasi ndogo, isiyokuwa hata na jina, katika filamu ya The Red Lantern. Miaka miwili baadaye aliacha masomo ya sekondari ili auandame uigizaji.

Ua na Joka

Mwaka wa 1922, akiwa na umri wa miaka 17, Anna May alipewa uhusika mkuu katika The Toll of the Sea, mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa kutengenezwa kwa rangi za Technicolor. Aliigiza Lotus Flower, msichana wa Kichina anayemwokoa Mmarekani mweupe aliyetupwa ufuoni na mawimbi. Wanapendana, wanapata mtoto wa kiume, kisha mwanamume anarudi kwao. Anapokuja tena, ameandamana na mke wa Kimarekani. Lotus Flower anawakabidhi mwanawe na kujitosa baharini.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na mhakiki. Mwandishi wa mswada wa filamu hiyo alikuwa mwanamke, Frances Marion, mmoja wa waandishi mashuhuri zaidi wa Hollywood ya enzi zile, ambaye baadaye alishinda tuzo mbili za Oscar za uandishi. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba kalamu ikishikwa na mwanamke, mhusika wa kike amekwisha kuokoka. Marion aliuchukua muundo uliokuwepo tayari, ule wa mwanamke wa Mashariki anayejitoa mhanga kwa ajili ya mwanamume wa Magharibi, akaujaza. Muundo ulikuwa na nguvu kumshinda mwandishi.

Miaka miwili baadaye, katika The Thief of Bagdad (1924) ya Douglas Fairbanks, Anna May alikuwa mjakazi wa Kimongoli anayemfanyia upelelezi mtawala mwovu ndani ya kasri la binti mfalme. Filamu hiyo ilimtangaza ulimwenguni, lakini pia ilimfungulia chumba cha pili cha gereza lile lile. Tangu hapo aliandikiwa ama ua ama joka. Ua ni mwanamke mnyenyekevu anayependa, anayesalitiwa na kufa. Joka ni mwanamke mjanja anayeroga, anayesaliti na kufa. Wote wawili ni wahusika bapa, na wote hatima yao inajulikana kabla taa za ukumbi hazijazimwa.

Ughaibuni

Mwaka wa 1928 alichoka, akaihama Marekani na kwenda Ulaya. Nchini Ujerumani aliigiza katika Song, filamu ya mwelekezi Richard Eichberg, na wahakiki wakamsifu. Alijifunza Kijerumani na Kifaransa, akapanda majukwaa ya tamthilia ya London na Vienna. Mwaka wa 1929 alitokea katika Piccadilly, filamu ya Kiingereza ambamo yeye ni Shosho, mwosha vyombo wa klabu ya usiku anayegeuka kuwa mcheza dansi anayezungumziwa na mji mzima. Shosho ana tamaa zake, ana akili ya biashara, na anajua thamani ya kipaji chake. Ni mhusika anayekaribia kuwa duara. Hata hivyo, kabla filamu haijaisha anauawa kwa risasi. Katika Song pia alikuwa amekufa. Ulaya ilimpa heshima, lakini mwisho wa hadithi haukubadilika.

Aliporudi nyumbani alipewa Daughter of the Dragon (1931), akawa binti wa jambazi Fu Manchu anayerithi kisasi cha babake. Akafa tena. Katika Java Head na Limehouse Blues, zote za mwaka wa 1934, wahusika wake walijiua.

Sheria Nyuma ya Mswada

Kwa nini kufa kila mara? Jibu la haraka ni chuki ya rangi, na ni jibu sahihi, lakini mwanafunzi wa msuko ana la kuongeza. Filamu kuu za wakati huo zilijengwa juu ya mapenzi, na mapenzi yalipaswa kukamilika kwa ndoa. Sheria za California zilipiga marufuku ndoa baina ya weupe na Waasia hadi mwaka wa 1948. Studio nazo zilijiwekea kanuni za maadili mwaka wa 1930, zikaanza kutekelezwa kwa ukali mwaka wa 1934. Kanuni hizo zilikataza kuonyesha mapenzi baina ya watu wa rangi mbalimbali. Maandishi yake yaliwataja weupe na weusi, lakini katika utendaji Waasia nao walibanwa.

Mwandishi basi alijikuta na tatizo la kiufundi. Alimtaka mwanamke huyu awe mrembo na avutie, kwa kuwa ndicho kilichowaleta watazamaji. Akisha kumvutia shujaa mweupe, hawezi kumwoa, wala hawezi kubaki pale akiuliza haki yake. Kifo kiliyamaliza yote kwa ukurasa mmoja: kiliwaliza watazamaji, kikamwachia shujaa njia wazi ya kumwoa mwenzake mweupe, na hakuna aliyelazimika kuuliza kwa nini mapenzi yale hayangewezekana. Kifo cha mhusika kilikuwa njia ya mkato ya mwandishi.

Ushahidi wa jambo hili ni Shanghai Express ya mwaka wa 1932, filamu ya Josef von Sternberg. Humo Anna May ni Hui Fei, kahaba anayesafiri kwa gari-moshi pamoja na mhusika wa Marlene Dietrich. Kiongozi wa waasi anambaka, naye anamuua mbakaji huyo kwa kisu na hivyo kuwaokoa abiria wenzake. Hui Fei haambiwi afe. Anashuka kituoni akiwa hai. Lakini angalieni: katika filamu hiyo hana mpenzi yeyote. Mapenzi yote ameachiwa Dietrich. Aliruhusiwa kuishi pale tu ambapo hakuhitajika kupendwa.

O-Lan

Pigo kubwa lilikuja mwaka wa 1935. Studio ya MGM ilikuwa ikitayarisha filamu kutokana na The Good Earth, riwaya ya Pearl S. Buck ya mwaka wa 1931 kuhusu mkulima wa Kichina, Wang Lung, na mkewe O-Lan. O-Lan ni mwanamke wa kazi na subira, na bila yeye shamba na jamaa vingeangamia. Hatimaye palikuwa na mhusika mkuu wa kike wa Kichina mwenye kina, na nyota wa Kichina alikuwapo papo hapo Los Angeles. Lakini uhusika wa Wang Lung ulipewa Paul Muni, mwigizaji mweupe, na wa O-Lan akapewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani. Anna May alifikiriwa kwa nafasi ya Lotus, suria anayeivunja nyumba ya O-Lan. Alikataa. Hakuwa tayari, katika kundi la weupe waliojifanya Wachina wema, kuwa Mchina halisi anayeigiza uovu. Filamu ilitoka mwaka wa 1937, na mwaka uliofuata Rainer akatunukiwa Oscar kwa uhusika wa O-Lan.

Safari ya Uchina

Mapema mwaka wa 1936 alipanda meli kwenda Uchina, nchi ambayo alikuwa ameiwakilisha kwa miaka mingi bila ya kuiona. Huko hakupokewa kwa maua pekee. Wapo waliomlaumu kwa wahusika aliowaigiza, wakisema amewavunjia heshima Wachina. Lawama hizo zilimfikia mtu ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa miswada ile. Alizuru kijiji cha wazee wake, ambako baba yake alikuwa amerejea.

Katika safari hii alifanya jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kilele cha maisha yake. Alimchukua mpigapicha, akaifilamu safari yenyewe, na makala kuihusu akaziandika mwenyewe katika gazeti la New York Herald Tribune. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa Kichina tuliyemwona mbele ya kamera alikuwa yeye aliyeamua kamera itazame nini. Katika filamu hiyo hakuna anayemuua. Anatembea sokoni, anajifunza, anaagana na watu, anaondoka. Watazamaji wa televisheni ya Marekani waliiona mwaka wa 1957.

Kuishi hadi Mwisho

Aliporudi alipata filamu za bajeti ndogo, zisizotazamiwa makuu, na pengine kwa sababu hiyo waandishi walikuwa na uhuru zaidi. Katika Daughter of Shanghai (1937) ni binti anayewasaka walanguzi wa wahamiaji waliomuua babake, na mwishoni anaposwa na mpelelezi aliyeigizwa na Philip Ahn, Mmarekani mwenye asili ya Kikorea. Filamu hiyo iliingizwa mwaka wa 2006 katika hifadhi ya kitaifa ya filamu za Marekani. Katika King of Chinatown (1939) ni daktari wa upasuaji. Lakini katikati ya hizo mbili, Dangerous to Know (1938) ilimrudisha kwenye mhusika anayejiua. Muundo wa kale haufi upesi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alizichangia juhudi za kuwasaidia Wachina waliovamiwa na Japani. Mwaka wa 1951 akawa mhusika mkuu wa The Gallery of Madame Liu-Tsong, mfululizo wa televisheni kuhusu mfanyabiashara wa sanaa anayefumbua uhalifu. Mhusika huyo alibeba jina lake mwenyewe la kuzaliwa. Ni masikitiko kwamba hakuna nakala iliyosalia. Mwaka wa 1960 aliwekewa nyota katika njia ya mashuhuri ya Hollywood, na tarehe 3 Februari 1961 akafariki kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 56. Hakuwahi kuolewa.

Hitimisho

Mwaka wa 2022 serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 yenye sura ya Anna May Wong. Mnamo Machi 2023, miaka 85 baada ya Oscar ya Luise Rainer, Michelle Yeoh, mzaliwa wa Malaysia, alishinda tuzo hiyo hiyo ya mwigizaji bora wa kike. Mhusika aliyemletea ushindi ni mama Mchina anayeendesha duka la kufulia nguo nchini Marekani. Binti wa dobi angemtambua mara moja. Mama huyo anakosea, anakasirika, anapenda, na hadithi inapokwisha yuko nyumbani na jamaa yake.

Mhakiki wa Kiswahili ana la kujifunza hapa. Rosa, mhusika mkuu wa riwaya ya Kezilahabi ya Rosa Mistika (1971), naye anajiua. Muktadha wake ni mwingine kabisa, na sababu za mwandishi si zile za Hollywood. Lakini swali tunalopaswa kuliuliza kila mhusika wa kike anapozikwa kabla ya ukurasa wa mwisho ni lile lile: je, kifo hiki kimezaliwa na maisha yake, au mwandishi alikosa njia nyingine ya kumtoa jukwaani? Anna May Wong aliigiza jibu la swali hilo kwa karibu miaka 40. Ni jukumu la wasomaji na watafiti wa leo kuendelea kuliuliza.