Richard Chelimo: Chipukizi aliyefika kileleni mapema

Walimu wa michezo wa Matungu, Kaunti ya Kakamega, wanaowakimbiza wanafunzi wao katika vijia vya mashamba ya miwa kujiandaa kwa mbio za nyika, wanajua vyema kwamba eneo lao halijajijengea jina katika riadha. Huko kandanda ndiyo inayotamba, na ardhi yenyewe iko chini sana ikilinganishwa na milima ya Cherangany. Hata hivyo, mwalimu wa Matungu na mwenzake wa Marakwet hukabiliwa na swali moja. Akimpata mtoto mwenye kipaji kilichowapita wenzake kwa mbali, amkimbize kiasi gani, na amwachilie lini kushindana na watu wazima?

Ni vigumu kulitafakari swali hilo bila kumkumbuka marehemu Richard Chelimo.

Chelimo alizaliwa Marakwet mnamo Aprili 21, 1972, katika ukoo ambao mbio zilikuwa kama urithi. Mdogo wake, Ismael Kirui, alikuja kuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Binamu yake, Moses Kiptanui, alinyakua ubingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mara tatu mfululizo, mwaka 1991, 1993 na 1995. Katika nyumba kama hiyo, kijana hahitaji kushawishiwa akimbie. Kazi huwa ni kumzuia asizidishe.

Alikua wakati mbio za nyika za Kenya zilipokuwa zimeshika kasi isiyo na mfano. Kuanzia 1986 timu ya wanaume ya Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia kila mwaka hadi 2003, mara 18 bila kukatizwa. Kocha Mike Kosgei aliwakusanya wanariadha katika kambi ya Kigari, Embu, chini ya Mlima Kenya, ambako chipukizi na mabingwa walipanda vilima pamoja. Mfumo huo ulikuwa na faida kubwa: mvulana aliyetoka shuleni jana alimwona John Ngugi kwa macho yake na kugundua kuwa naye hutokwa jasho. Ulikuwa pia na hatari yake, kwa kuwa anayekimbia na wakubwa kila siku husahau upesi kwamba yeye bado ni mdogo.

Mwaka 1990, katika mbio za nyika za dunia mjini Aix-les-Bains, Ufaransa, Chelimo alimaliza wa pili upande wa chipukizi, nyuma ya Mkenya mwenzake Kipyego Kororia. Mwaka huo huo alienda Plovdiv, Bulgaria, na kutwaa dhahabu ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya chipukizi. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Wengi wangedhani kwamba hapo angepewa muda. Lakini mnamo Juni 1991, mjini Hengelo, Uholanzi, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 11.18, rekodi ya dunia ya chipukizi. Muda huo ulikuwa nyuma ya rekodi ya dunia ya watu wazima, iliyoshikiliwa na Arturo Barrios wa Mexico, kwa sekunde zisizofika tatu. Miezi miwili baadaye, katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo, aliibuka wa pili nyuma ya Moses Tanui kwa chini ya sekunde moja, huku Khalid Skah wa Morocco akiridhika na shaba. Medali ya dunia miongoni mwa watu wazima ilikuwa imemwendea kijana wa miaka 19.

Kisha ikaja Barcelona.

Fainali ya Olimpiki ya mita 10,000 ya Agosti 3, 1992 ingali miongoni mwa mbio zilizozua ubishi mkubwa katika historia ya mchezo huu. Chelimo na Skah walikuwa wamewaacha wenzao wote. Zikiwa zimesalia raundi chache, walimfikia Hammou Boutayeb, Mmorocco aliyekuwa nyuma yao kwa raundi nzima. Badala ya kuwapisha, Boutayeb alijiunga nao, akawa mara anatangulia mbele ya Chelimo, mara anamvurugia mwendo. Watazamaji walizomea. Afisa mmoja alijaribu kumshika Boutayeb na kumtoa uwanjani lakini hakufanikiwa. Katika mita za mwisho Skah alichomoka na kushinda kwa dakika 27 na sekunde 46.70. Chelimo alifika sekunde moja hivi baadaye.

Waamuzi walimwondoa Skah na kumtangaza Chelimo bingwa wa Olimpiki. Morocco ikakata rufaa na kesho yake ikashinda, dhahabu ikarudi kwa Skah. Kijana wa miaka 20 alilala bingwa na kuamka akiwa wa pili. Skah alikuwa na kasi ya kumalizia ambayo Chelimo hakuwa nayo, na huenda angeshinda hata bila msaada wa yeyote. Lakini hilo haliwezi kuthibitishwa, na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo. Hakuna mazoezi ya mlimani yanayomfundisha kijana jinsi ya kubeba jambo la aina hiyo.

Yeye aliendelea kukimbia. Julai 5, 1993, mjini Stockholm, Uswidi, alitumia dakika 27 na sekunde 07.91 na kuifuta rekodi ya dunia ya Barrios kwa thuluthi ya sekunde. Safari hii haikuwa rekodi ya chipukizi, bali ya binadamu wote. Aliishikilia kwa siku tano tu. Julai 10, mjini Oslo, Mkenya mwingine, Yobes Ondieki, akawa mtu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 27, kwa muda wa 26:58.38.

Chelimo alikuwa na miaka 21. Ondieki alikuwa na miaka 32. Mwalimu anayeharakisha wanafunzi wake angefaa kuibandika tofauti hiyo ukutani.

Mwezi Agosti mwaka huo, katika Mashindano ya Dunia mjini Stuttgart, Chelimo alipata shaba. Mbele yake Tanui alikimbia raundi ya mwisho akiwa na kiatu kimoja baada ya kukanyagwa kisigino na Haile Gebrselassie, na kijana huyo wa Ethiopia ndiye aliyetwaa dhahabu. Katika mashindano hayo hayo Ismael Kirui, akiwa na miaka 18, alishinda mita 5,000. Ukoo mmoja ulirudi Marakwet na medali tatu, ukijumlisha dhahabu ya Kiptanui.

Hiyo ndiyo iliyokuwa medali kubwa ya mwisho ya Chelimo. Haile alianza enzi yake, Paul Tergat akapanda, na jina la Chelimo likapungua katika matokeo mwaka baada ya mwaka. Timu ya Kenya ilipokwenda Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, mita 10,000 ilikimbiwa na Tergat, Josephat Machuka na Paul Koech. Aliyekaribia dhahabu ya Barcelona hakuwamo, naye alikuwa na miaka 24 tu, umri ambao watimkaji wengi wa masafa marefu ndio kwanza wanaanza kujulikana.

Aliaga dunia mjini Eldoret mnamo Agosti 15, 2001, kutokana na uvimbe katika ubongo. Alikuwa na miaka 29. Maradhi hayo hayakuletwa na mbio, na si haki kuyahusisha na mazoezi wala na kocha yeyote.

Muda wake wa Hengelo ulidumu katika vitabu vya rekodi za chipukizi kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Boniface Kiprop wa Uganda alipouboresha mwaka 2004. Mwaka uliofuata, mjini Brussels, rekodi hiyo ikachukuliwa na Mkenya Samuel Wanjiru, aliyekuwa amepelekwa Japan kusoma na kukimbia angali mvulana. Wanjiru alishinda mbio za marathon za Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 21, na akafariki mwaka 2011 akiwa na miaka 24.