Kanda za Armstrong Zafichua Yaliyofunikwa na Tabasamu

Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji wa jazi aliyefariki mwaka wa 1971, ni miongoni mwa watu ambao sura zao zajulikana zaidi kuliko fikira zao. Akitajwa, wengi hukumbuka meno meupe, leso ya kufutia jasho, macho yaliyotumbuliwa na sauti ya mkwaruzo. Kwa sababu ya tabasamu hilo, Waamerika weusi wenzake, hasa vijana wa miaka ya hamsini na sitini, walimwita kikaragosi wa kuwachekesha Wazungu. Nathubutu kusema kwamba kesi hiyo iliamuliwa kabla ya shahidi mkuu kusikizwa. Shahidi huyo ni Armstrong mwenyewe, ambaye ushahidi wake ulikaa rafuni nyumbani kwake, mtaani Corona jijini New York, ndani ya kanda takriban 700 alizozinasa kwa mkono wake.

Alizaliwa New Orleans, katika jimbo la Louisiana, tarehe 4 Agosti 1901. Yeye alishikilia maisha yake yote kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, siku ya uhuru wa taifa lake. Kumbukumbu ya ubatizo wake iligunduliwa kanisani katika miaka ya themanini, wakati yeye mwenyewe hayupo tena kubisha. Babake aliitoroka familia mapema. Mamake, Mayann, alimlea katika mtaa wa ufukara na visu. Familia moja ya Kiyahudi, akina Karnofsky, ilimpa kibarua cha kuzunguka na mkokoteni wa farasi wakiuza makaa na kukusanya vitambaa vikuukuu, na mvulana alipuliza tarumbeta ya bati kuwaita wateja.

Usiku wa kuamkia mwaka wa 1913 alifyatua bastola hewani barabarani, akakamatwa na kupelekwa katika makao ya kurekebishia tabia ya watoto weusi. Walimu wanaosoma safu hii hawana budi kumfikiria kidogo mwalimu wa muziki wa makao hayo, Peter Davis. Mwanzoni hakumwamini mtoto huyu, maadamu alijua ametoka mtaa gani. Lakini alimpa tari, kisha ngoma, kisha ala za kupulizwa, moja baada ya nyingine, hadi koneti, ile ndugu fupi ya tarumbeta. Hatimaye akamfanya kiongozi wa bendi. Sijui ni adhabu ngapi zilizowahi kutolewa na mahakama zikazaa matunda kama hayo, na nadhani sifa si ya mahakama.

Mwaka wa 1922 King Oliver, mpiga koneti aliyemlea kimuziki, alimwita Chicago. Mwaka uliofuata waliingia studio kwa mara ya kwanza. Kati ya 1925 na 1928, akiwa na vikundi vya Hot Five na Hot Seven, Armstrong alibadilisha muziki wa jazi kutoka kwenye ufundi wa kundi linalopiga kwa pamoja hadi ufundi wa mtu mmoja anayesimama mbele na kubuni papo kwa papo. Msikilizaji anayetaka ithibati aitafute West End Blues ya 1928, asikilize mwanzo wake tu, pale tarumbeta inapopanda peke yake bila chombo kingine. Katika Heebie Jeebies ya 1926 aliimba kwa silabi zisizo na maana, na waimbaji wa dunia nzima wakamfuata.

Haya yote yamo vitabuni. Kilichochelewa kujulikana ni kwamba mtu huyu aliyeacha shule mapema alikuwa na tabia ya mwanahistoria. Mwaka wa 1937 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kipindi cha redio cha taifa zima nchini Marekani kilichodhaminiwa na kampuni. Alijiwekea sahani za vipindi hivyo, na muziki wake ukatolewa kwa umma mwaka wa 2008, miaka 71 baadaye. Kisha mwishoni mwa 1950 alinunua mashine ya kunasa sauti. Tangu hapo aliibeba safarini kama wengine wabebavyo Msahafu au Biblia. Aliiwasha katika vyumba vya hoteli, nyuma ya jukwaa na sebuleni. Alinasa mizaha, mabishano ya bendi, santuri alizozipenda, hata tarumbeta yake akipiga sambamba na santuri zake mwenyewe za ujanani. Mabweta ya kanda aliyapamba kwa picha alizokata magazetini, akazibandika kwa gundi na kuziwekea nambari. Kuna kanda ambamo mkewe, Lucille, anamtaka aizime mashine, naye anakataa, akidai kwamba anawawekea watakaokuja baadaye.

Na watakaokuja baadaye wamesikia nini? Wamesikia mtu mwenye hasira. Armstrong wa kanda hizo husimulia matusi aliyotukanwa na Wazungu waliokula jasho lake, na husimulia kwa lugha nzito ambayo mhariri wangu hangeipitisha. Asiyemjua angedhani ni mtu mwingine. Kimya kingi, wahenga walisema, kina mshindo mkuu, ila huyu hata kimya hakikuwa kimya. Ni sisi tuliokuwa nje ya mlango.

Mlango huo uliwahi kufunguka hadharani mara moja kwa kishindo. Septemba 1957, gavana wa jimbo la Arkansas, Orval Faubus, alitumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi kuingia shule ya upili jijini Little Rock. Armstrong alikuwa Grand Forks, mji mdogo wa North Dakota. Alihojiwa na kijana wa miaka 21, Larry Lubenow, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu akifanya kibarua gazetini. Alimshutumu Rais Eisenhower kwa woga na unafiki, akamtusi gavana, na kutangaza kwamba hatakwenda Muungano wa Kisovieti kwa niaba ya serikali inayowatendea watu wake hivyo. Wakuu wa kijana yule hawakuamini. Akarudi na karatasi aliyoiandika, Armstrong akaisoma na kutia sahihi. Stesheni zilikataa kupiga santuri zake, na wapo weusi mashuhuri waliomkemea. Siku chache baadaye Eisenhower alituma wanajeshi kuwasindikiza watoto darasani.

Sisemi kwamba kanda zinamsafishia kila jambo. Anayejinasa sauti huchagua saa ya kubonyeza kitufe. Tena kuna safari zake za Afrika. Mwaka wa 1956 alipokewa Accra na umati mkubwa mno, akapiga Black and Blue, wimbo wa uchungu wa mtu mweusi alioutia kwenye santuri mwaka wa 1929, mbele ya Kwame Nkrumah. Hiyo ilikuwa heshima isiyo na doa. Lakini mwishoni mwa 1960 alirejea barani katika ziara iliyoungwa mkono na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na njia yake ilipita Nairobi na Kongo. Leopoldville alibebwa juu ya kiti kama mfalme, Oktoba ile ile ambayo Patrice Lumumba alikuwa amezingirwa nyumbani kwake. Novemba alipiga muziki Elisabethville, mji mkuu wa Katanga, jimbo ambalo Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Armstrong alitumiwa. Serikali iliyomnyima mtu mweusi kiti cha basi kusini mwa nchi ilimvisha joho la balozi kwetu. Mwanafunzi wa historia anayemsifu kwa ujasiri wa 1957 na kuiruka sura hii hatendi haki, hata kama ninaamini kwamba waliomtuma ndio wenye deni kubwa zaidi.

Ni vyema pia kukumbuka nani alibadilisha mawazo. Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa kizazi kilichofuata, alikuwa miongoni mwa waliomkejeli mzee kwa tabasamu lake. Katika tawasifu yake ya 1979 alikiri kwamba alikuja kulitambua tabasamu lile kuwa ukaidi wa mtu aliyekataa kuuacha ubaguzi umwibie furaha yake. Gillespie alilifikia hilo bila kuzingoja kanda. Sisi wenye masikio mazito zaidi tulizihitaji.

Zilitufikia polepole. Lucille alifariki mwaka wa 1983, na nyumba ikabaki kuwa mali ya umma. Nyaraka zilikabidhiwa Queens College, zikafunguliwa kwa watafiti mwaka wa 1994. Nyumba ikawa makumbusho mwaka wa 2003, na kufikia 2018 hazina nzima ilikuwa imehamishiwa kwenye mitambo ya kidijitali, msikilizaji wa Kisumu akiweza kuichungulia sawa na wa New York. Najiuliza ni wanamuziki wangapi wa Afrika Mashariki waliozikwa na sauti zao, si kwa kukosa mashine, bali kwa kukosa mtu wa kuwaambia kwamba maongezi yao nayo ni mali.

Tarehe 2 Julai 1968 Armstrong alirekodiwa na BBC jijini London, akiimba pia What a Wonderful World, wimbo uliokuwa umeshika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka huo ilhali kwao haukununuliwa. Miezi michache baadaye moyo ulimwangusha kitandani. Akiwa mgonjwa aliisikiliza kanda ya London tena na tena, akainakili na kuwagawia marafiki. Muziki huo ulitolewa mwaka wa 2024 kwa jina Louis in London. Madaktari walipomkataza tarumbeta, alishinda chumbani akizipanga upya kanda zake na kuziandikia orodha. Tarehe 26 Februari 1971, katika chumba hicho hicho, alijinasa akisoma shairi la watoto kuhusu mkesha wa Krismasi, bila bendi wala hadhira. Alifariki usingizini, nyumbani, tarehe 6 Julai. Mwaka wa 2022 mpiga piano aliutilia usomaji ule muziki, akiifuata pumzi yake mahali alipotua na mahali alipocheka.