HAFS WA KUFA, MTU WA KISOMO

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu Muislamu, kisomo unachokisoma katika Sala, hapa kwetu Kongo na karibu ulimwengu wote, ni riwaya ya Hafs bin Sulayman wa Kufa. Alizaliwa mwaka 90 wa Hijra, akafariki mwaka 180 (796).

Mama yake aliolewa na Imamu Asim, basi Hafs akalelewa ndani ya nyumba ya Qur'ani. Alimsomea Asim tena na tena mpaka kila herufi ikakaa mahali pake. Imepokewa kuwa alimkhalifu katika neno moja tu, Surat Rum aya ya 54. Msahafu mzima, neno moja! Na neno lenyewe maana yake ni udhaifu.

Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na Hadithi pia alizipokea. Lakini katika Hadithi wanachuoni walimhesabu dhaifu, wakayaacha mapokezi yake. Usimdharau kwa hilo. Umri wake aliutia katika kisomo, akakifundisha Baghdad na Makka. Karne nyingi baadaye Waothmani wakakieneza, na msahafu wa Kairo wa mwaka 1924 ukachapwa kwa riwaya yake.

Sasa wewe mzazi, unataka mtoto wako amalize Juzuu Amma, fikihi na nahau ndani ya mwaka mmoja, na jioni akauze sokoni. Fatiha yenyewe bado inamteleza. Mwachie hiyo kwanza. Ijumaa ijayo mlete mbele baada ya Sala, tumsikilize.