Daktari Guttmann na Upinde wa Waliopooza

Mwaka wa 1917 katika mji wa Königshütte, uliokuwa Ujerumani siku hizo na leo umo nchini Poland, kijana mmoja wa miaka kama 18 alikuwa akijitolea kazi katika hospitali ya majeruhi. Siku moja akaletwa mchimba makaa ya mawe aliyevunjika mgongo, barobaro mwenye mwili wa nguvu. Kijana alipotaka kuandika habari za mgonjwa kama ilivyo desturi, daktari alimwambia asijisumbue, kwani mtu huyo hatapita wiki chache. Wakamweka nyuma ya pazia. Haikutimia wiki ya sita, naye akawa amekwisha kufa.

Kijana aliyeshika karatasi siku ile ni Ludwig Guttmann, aliyezaliwa mnamo tarehe 3 Julai 1899 katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka wa 1918 aliingia kusomea utabibu, na baadaye akawa bingwa wa maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu katika mji wa Breslau. Hitler aliposhika serikali mwaka wa 1933, madaktari wa Kiyahudi walifukuzwa katika hospitali za umma, na Guttmann akahamia hospitali ya Wayahudi wenzake. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, nyumba na maduka ya Wayahudi yalipokuwa yakivunjwa, aliamuru kila mwanamume atakayekimbilia pale apokelewe bila ya kuulizwa ugonjwa wake. Waliingia watu 64. Asubuhi maaskari wa siri walipokuja kuwachukua, alipita nao kitanda baada ya kitanda akitaja maradhi, mengine akiyabuni papo hapo, mpaka akawaokoa 60. Miezi michache baadaye, Machi 1939, yeye, mkewe na watoto wao wawili waliwasili Uingereza kama wakimbizi.

Vita vikiendelea, serikali ya Uingereza ilimtaka aanzishe wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Ilifunguliwa tarehe 1 Februari 1944 ikiwa na vitanda 26. Siku zile kupooza miguu ilikuwa kama hukumu ya kifo. Wengi hawakuishi miaka miwili. Wala hawakufa kwa mgongo wenyewe, bali kwa vidonda vya kulala na kwa mkojo uliooza ndani. Guttmann aliondoa vitanda vya plasta, akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mara nyingi alitokea usiku wa manane kuhakikisha amri yake imefuatwa. Alikuwa mkali, tena mkali sana, na wako wauguzi waliomwogopa. Lakini wagonjwa walimpa jina la Poppa, yaani baba.

Walipokwisha kupona vidonda, likazuka swali jingine: mtu huyu mwenye miaka 22, anayekaa kitini kutwa, atafanya nini? Siku moja Guttmann na mwalimu wa mazoezi ya viungo walikalia viti vya magurudumu, kila mmoja na bakora yake, wakaanza kupigania kisahani cha ubao sakafuni. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa polo wa viti, na bakora zikakatwa kufupishwa ili zimfae mtu aliyekaa. Viti vya siku hizo vilikuwa vizito mno, vimetengenezwa kwa kumsukuma mgonjwa na si kwa kukimbizana. Polo ikawa na vishindo vingi na hatari, ikaachwa, ikaja netiboli ya viti, na baadaye mpira wa kikapu.

Mchezo alioutukuza zaidi ni upinde na mshale. Sisi Waislamu hatuhitaji kuambiwa heshima ya mchezo huo, kwani Mtume (S.A.W.) aliwahimiza masahaba zake kuufanya. Guttmann aliuchagua kwa sababu za kitabibu. Kuvuta upote hujenga misuli ya mikono, mabega na mgongo, na humfundisha aliyepooza kukaa wima bila ya kuanguka. Zaidi ya hayo, aliyekaa kitini, kiti chake kikigeuzwa ubavu kuelekea shabaha, aweza kushindana na mtu aliyesimama bila ya kuomba huruma. Je, yule aliyevunjika shingo, ambaye hata vidole havishiki? Huyo alifungwa upinde kwenye mkono kwa bandeji, na mkono wa pili ukavishwa kulabu ya kuvutia upote. Si mtu aliyelazimishwa kuufuata upinde. Upinde ndio ulioletwa kwa mtu.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wapigaji mishale 16 waliokaa vitini, wanaume 14 na wanawake wawili, walishindana kwenye majani ya Stoke Mandeville. Mwaka wa 1952 wakaja Waholanzi, na mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka wa 1960 yalifanyika Roma, wakafika wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23. Huko alikuwako Margaret Maughan, mwalimu aliyeumia mgongo katika ajali ya gari nchini Malawi mwaka mmoja tu kabla. Baada ya kupiga mishale yake alipanda basi kurudi, na ndipo alipofuatwa kuambiwa ameshinda dhahabu. Mwaka wa 2012 ndiye aliyewasha mwenge wa michezo hiyo London.

Mbio za viti zilianza Tokyo mwaka wa 1964, mita 60 tu, kwa viti vya kawaida. Basi wanamichezo wenyewe wakashika msumeno na spana: wakapunguza uzito, wakateremsha viti, wakalaza magurudumu kwa ndani upande wa juu ili kiti kisipinduke kwenye kona. Mwaka wa 1975 Mmarekani Bob Hall alimaliza marathoni ya Boston kwa kiti kwa muda usiofika saa tatu, kisha akawa mtengenezaji wa viti vya mbio.

Kenya ilipeleka wanamichezo wake mara ya kwanza Heidelberg, mwaka wa 1972, katika nchi ile ile iliyomfukuza Guttmann. Yeye alikuwa amekwisha kupewa cheo cha Sir na Malkia Elizabeth mwaka wa 1966. Alifariki tarehe 18 Machi 1980. Miezi mitatu baadaye, huko Arnhem, Uholanzi, wapigaji mishale walijipanga tena ubavu kwa ubavu vitini mwao.