SAFARI YA IBN BATTUTA KWENDA KUHIJI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baadu. Katika wasafiri wa Kiislamu wa zamani hapana aliye mashuhuri kuliko Muhammad bin Abdillahi, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa Tanja, nchi ya Maghribi, mwezi wa Rajabu mwaka 703 wa Hijra (1304), katika ukoo wa makadhi wa madhehebu ya Imamu Malik.

Siku ya Alkhamisi, mwezi 2 Rajabu mwaka 725 (1325), alitoka kwao peke yake, hana mwenzi wala msafara, niya yake kuhiji na kuzuru kaburi la Mtume. Umri wake ulikuwa miaka 22 kwa hesabu ya mwezi. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuagana nao kulikuwa kuzito.

Akapita Tilimsani, akakata milima hata Bijaya, na huko akashikwa na homa. Alishauriwa akae mpaka apone. Akajibu kuwa ikiwa amekadiriwa kufa, na afe njiani hali ameelekea Hijazi. Akauza mnyama wake na mizigo mizito, na msafiri mmoja akamwazima kipando na hema. Njia ilikuwa na hofu ya wanyang'anyi, asiweze kubaki nyuma. Basi akajifunga kwa kilemba juu ya tandiko asianguke kwa udhaifu. Walipofika Tunisi watu walitoka kuwalaki wenzake, na yeye hapana aliyemsalimu, kwani hapana aliyemjua. Akalia kwa uchungu wa ugeni. Hujaji mmoja akaliona hilo, akamwendea kwa salamu na maneno mema mpaka wakaingia mjini.

Mwaka 726 (1326) akafika Misri. Akakusudia kupanda mto wa Nili, kisha kukata jangwa hata bandari ya Aidhabu katika Bahari ya Sham, avuke kwenda Jidda. Katika mji wa Hu sharifu mmoja mchaji Mungu alimwambia arudi, kwani Hija yake ya kwanza haitakuwa ila kwa njia ya Shamu. Hakumsikiliza.

Akakodi ngamia, wakaenda siku 15 katika jangwa lisilo na makazi. Usiku mmoja walilala Humaithira, penye kaburi la Sheikh Abul-Hasan Ash-Shadhili, ambaye tarika yake imeenea hata pwani hii yetu. Walikesha wakifukuza fisi. Hata hivyo mmoja alipasua mzigo wake akachukua mfuko wa tende. Kisha wakaifikia Aidhabu. Na lo! mfalme wa Wabeja anapigana na askari wa Kituruki wa Misri, na vyombo vimezamishwa. Bahari iko mbele ya macho, wala hapana wa kumvusha. Akauza masurufu yake, akarudi jangwani kwa njia ile ile.

Wanavyuoni wamesema amani ya njia ni sharti la kuwajibikiwa na Hija, basi hapana ambaye angemlaumu lau angerejea kwao. Lakini alipofika Kairo alilala usiku mmoja tu, akashika njia ya Shamu. Mwezi wa Shawali akatoka Dameshki pamoja na msafara, na mwaka ule ule wa 726 akasimama Arafa.

Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, akawasifu watu wake kwa dini, nao ni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i. Lakini ugeni una thamani yake. Mwaka 1348, akiwa Dameshki, alipata khabari kuwa babake amekufa tangu miaka 15. Na mwaka 1349, karibu na kwao, akaambiwa mamake amefishwa na tauni. Alilolikuta Tanja ni kaburi la kuzuru.

Ewe ndugu msomaji, ukifungiwa mlango katika jambo la kheri, usidhani umekataliwa; tafuta mlango mwingine. Na ukitoka safari, waombe wazazi wako radhi, kwani hujui kama utawakuta. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wazazi wake, na wazazi wetu sote. Amin.