Bwana Nyoka wa Newala

Mwaka jana nikiwa BTP Newala, wiki ya pili tu, kipindi changu cha Biolojia cha Kidato cha Pili kilivunjwa na nyoka. Alikuwa wa kijani, amejilaza kwenye tawi la mwembe ulio karibu kabisa na dirisha. Kabla sijamaliza kuwaambia watulie, nusu ya darasa lilikuwa nje na mawe mkononi. Hazikupita dakika tano, nyoka alikuwa chini, kichwa kimesagwa. Wakaniletea juu ya kijiti, wakitaka niwaambie ni nyoka gani, maana mimi ndiye madam wa Biolojia. Kiukweli sikujua. Angeweza kuwa ukukwi, asiyemdhuru mtu yeyote, au yule mwingine wa kijani ambaye akikugonga unahesabu saa. Nikawaambia tutamsoma wiki ijayo, nikarudi ubaoni huku mikono inatetemeka.

Mlinzi wa shule, mzee wa makamo ya babu yangu, ndiye aliyesikitika peke yake. Aliniambia enzi za utoto wake kitendo kile kingekuwa ujinga mtupu, kwa sababu nyoka hai alikuwa hela. Kulikuwa na Mzungu pale Newala akinunua. Aliyemuona nyoka hakuokota jiwe, alikimbia kwenda kumwita. Watu walimwita Bwana Nyoka.

Nilidhani ni stori za kupitisha muda getini. Nilipoanza kufuatilia nikakuta jamaa ni mtu wa vitabu kabisa, anajulikana Ulaya kuliko anavyojulikana kwetu, na sehemu kubwa ya maisha yake aliyamalizia kwenye mkoa wangu mwenyewe. Mimi ni wa Mahurunga, huko chini Ruvuma inakokaribia bahari. Nimesoma shule zetu miaka yote hiyo na sikuwahi kumsikia.

Jina lake ni Constantine John Philip Ionides. Alizaliwa Uingereza mwaka 1901, kwenye ukoo wenye asili ya Ugiriki. Alisoma shule za wenye nacho, akapita chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akatumikia jeshi India, kisha miaka ya 1920 akaja Tanganyika kwenye kikosi cha KAR. Jeshi halikumkaa. Aliacha, akawa mwindaji wa pembe za ndovu, na hapa tuseme wazi bila kumpamba: alikuwa jangili. Aliua tembo kinyume cha sheria akauza pembe. Mwaka 1933 serikali ileile ambayo ingeweza kumfunga ikamwajiri Idara ya Wanyamapori. Akawa bwana nyama.

Kituo chake kikawa Liwale, na kazi iliyomtoa jina ni Selous. Pori hilo Wajerumani walianza kulihifadhi vipande vipande tangu 1896, na Waingereza wakalipa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Lakini Ionides alipolikuta lilikuwa dogo ukilinganisha na lilivyokuja kuwa. Yeye alilitembea kwa miguu miezi na miezi, na mapagazi wachache, akipigania mipaka isukumwe mbele. Lilipofikia ukubwa wa kilomita za mraba karibu 50,000, waliompa sifa ya kuwa baba wa Selous hawakukosea sana.

Mbinu yake ilikuwa rahisi, na ya kikatili ukiitazama kwa macho ya leo. Tembo aliyetoka nje ya hifadhi akaingia mashambani alipigwa risasi, yeye na askari wake wakiua tembo wengi kila mwaka. Tembo aliyebaki ndani hakuguswa. Tembo si mjinga, baada ya muda anajua upande upi una bunduki. Yaani mlinzi wa tembo alikuwa pia muuaji wa tembo, kwa wakati mmoja, na kwa hesabu zake hakukuwa na mgongano wowote.

Upande wa watu ndio unaonikaa kooni. Eneo lile lilikuwa tayari limepungua watu tangu Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walipochoma mazao na njaa ikamaliza waliobaki. Miaka ya 1940 ukaja ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, na serikali ya kikoloni ikawahamisha maelfu, wengi wao Wangindo, kutoka kwenye vijiji vyao vya Liwale na kuwakusanya sehemu nyingine. Walikohamishwa watu, hifadhi ilipanuka. Ionides alitaka hivyo na hakuficha. Kwake pori lenye watu halikuwa pori. Hapo ndipo nilipotaka kufunga kitabu nitafute mtu mwingine wa kuandika, maana sisi tunaotoka mwambao wa Ruvuma tunajua maana ya kuambiwa shamba lako ni njia ya mnyama.

Ila kulikuwa na maisha yake ya pili, na ndiyo yaliyonirudisha.

Miaka ya 1950 aliacha kazi ya serikali, akahamia Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde. Waliofika Shimo la Mungu wanajua pakoje: unasimama ukingoni, bonde la Ruvuma liko chini yako na Msumbiji ng'ambo. Akakaa pale kwenye nyumba ya kawaida, nguo zilezile kuukuu, sigara haitoki mdomoni, akaanza kukamata nyoka kama kazi. Aliwapeleka kwenye bustani za wanyama na makumbusho, na kwenye maabara zinazokamua sumu. Kwa wenzangu wa sayansi: dawa ya kuumwa na nyoka hutokana na sumu yenyewe. Farasi huchomwa kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kinga, na kinga hiyo ndiyo anayodungwa mgonjwa. Bila mtu wa kumkamata nyoka akiwa mzima, dawa hakuna.

Newala ilikuwa na nyoka wa kijani kwa wingi wa kushangaza, kwenye miembe na mikorosho hiyohiyo tunayookotea. Wazungu humwita mamba, jina linalotuvuruga kidogo sisi ambao mamba wetu yuko mtoni na ana miguu minne. Utaratibu ulikuwa hivi. Mtu akimuona nyoka, mmoja anabaki chini ya mti bila kuondoa macho, mwingine anakimbia kwa Bwana Nyoka. Anakuja na Landrover, na fimbo ndefu zenye koleo mwishoni, anambana nyoka juu mtini, anamshusha taratibu, anamtia kwenye mfuko au sanduku. Aliyetoa taarifa analipwa. Nyoka wa namna hiyo alikamata mamia kwa mamia.

Kwa kifutu mkubwa wa msituni, yule mnene mwenye mapambo kama mkeka mgongoni, hata koleo hakulitegemea sana. Meno yake hufika sentimita 5, hakuna nyoka mwingine duniani mwenye marefu kama hayo. Ionides alikuwa anamgusa kichwani kidogo kwa fimbo kupima hasira yake. Akiona ametulia, anamshika shingo kwa mkono mtupu, mkono wa pili unabeba mwili, ananyanyuka naye. Alishaelewa kwamba kifutu ni mpole kuliko sifa zake na kwamba anauma anapokanyagwa. Yeye mwenyewe aliumwa na nyoka mara nyingi katika maisha yake.

Hilo la kukanyagwa ninalijua kwa njia mbaya. Mdogo wangu alikanyaga kifutu msimu wa korosho, asubuhi, kwenye majani makavu chini ya mkorosho. Zahanati tuliyokimbilia kwanza haikuwa na dawa. Tukapakia tena bodaboda, yeye katikati, mjomba nyuma amemshikilia, barabara ndiyo ile mnayoijua wakati wa mvua. Alipona. Vidole viwili vya mguu havikupona. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna nyoka anayeulizwa jina, na mimi nilikuwa wa kwanza kuokota fimbo. Ndiyo maana sina ujasiri wa kuwalaumu wale watoto wa Kidato cha Pili.

Sasa, je, Ionides alikuwa mtetezi wa wanyama? Nimebishana na rafiki zangu wa hosteli kuhusu hili mpaka umeme ukakatika. Mmoja alisema haiwezekani: mtu aliyeanza kwa ujangili, akaua tembo kwa mshahara, akamalizia kwa kuwafungia nyoka kwenye masanduku ya kupelekwa ng'ambo, mtetezi gani huyo? Ana hoja. Ionides hakuwahi kudai mnyama ana haki kama mtu. Alipenda wanyama waendelee kuwepo kama aina, mmoja mmoja hakumlilia. Na nyoka waliotoka Newala walikwenda kufia vizimbani.

Lakini ninachokiona mimi ni hiki. Kule Selous alilinda wanyama kwa kuondoa watu. Newala, pengine bila kukusudia, alifanya kinyume chake: watu walibaki, nyoka akabaki, kilichobadilika ni kwamba mtoto wa Kimakonde alikuwa na sababu ya kusimama chini ya mti akimtazama nyoka saa nzima bila kumpiga. Mzee yule wa getini, zaidi ya miaka hamsini baadaye, bado aliweza kunieleza tofauti ya ukukwi na yule mwenye sumu kwa umbo la kichwa na mwendo wake. Mimi nina miaka mitatu ya chuo na nilikuwa siwezi.

Tena tazameni ile njia ya kwanza imefika wapi. Miaka ya 1970 Selous ilihesabiwa tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya 2013 ilikuta karibu 13,000, kazi ya majangili, na mwaka 2014 UNESCO ikaliingiza pori hilo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2019 sehemu kubwa yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa walioumizwa na wanyama kuna kanuni za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, zenye majina mazuri kweli, ila ulizeni wakulima wa mpunga wa kwetu kama jasho hukauka lenyewe kabla ya fomu kurudi.

Ionides alivuta sigara mpaka mishipa ya miguu ikaziba. Mtu aliyelitembea pori lote lile akawa hatembei. Mwandishi Mwingereza Margaret Lane alikaa naye Newala na kutoa kitabu mwaka 1963, na 1965 kikatoka cha kwake mwenyewe, ambamo ujangili wake anausimulia bila aibu. Alifariki mwaka 1968. Kaburi lake liko mlima Nandanga, ndani ya Selous, humohumo walimotolewa wengine.

Likizo niliporudi Mahurunga nilimsimulia mjomba habari zote hizi tukiwa tunalinda mpunga usiku, maana viboko walikuwa wamepanda kutoka mtoni siku mbili mfululizo. Alisikiliza vizuri, akapiga debe mara kadhaa upande wa gizani. Halafu akaniuliza kama huyo Bwana alikuwa ananunua na mamba. Nikamwambia hapana, nyoka tu. Mjomba akasema basi hakufika kwetu, akaniachia debe akaenda kulala.