Isaac Newton: mtoto aliyetolewa shule akarudi



Safari hii, katika ukurasa wetu wa maisha ya watu, tumemchagua Isaac Newton, Mwingereza aliyekufa karibu miaka 300 iliyopita. Wanafunzi wetu wa sekondari wanajua jina lake juu liko katika kaye zao za fizike: nguvu inapimwa kwa newton. Wazazi wengi hawamjui kabisa. Lakini katika familia zetu zilizorudi kutoka kambini kuko watoto wakubwa waliopoteza mwaka mmoja, miwili, hata minne ya shule. Na kila mara masomo yakikaribia kuanza tunasikia neno lile lile: huyu umri wake umekwisha kupita, aende tu shambani ao ziwani. Kwa sababu ya neno hilo tunaandika maisha ya huyu mtu.

Newton alizaliwa tarehe 25 Desemba 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake alikuwa mkulima mwenye shamba na mifugo, lakini hakujua kuandika hata jina lake, na alikufa miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto mwenyewe alizaliwa kabla ya wakati, mdogo sana, na watu wa nyumbani hawakufikiri atapona. Mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Uingereza. Alipofika miaka 3, mama yake aliolewa tena, akaenda kwa mume wake mpya. Mtoto akabaki kwa nyanya yake, mama ya mama yake. Mama alirudi tu mwaka 1653, yule mume wa pili alipokufa.

Akiwa na miaka kama 12 alipelekwa shule katika mji wa Grantham. Huko alipenda kutengeneza vitu kwa mikono: saa ya kivuli cha jua, kinu kidogo cha kuzungushwa na upepo. Alipokaribia miaka 17, mama yake akamtoa shule. Kuko shamba, kuko kondoo, na yeye ndiye mtoto wa kwanza mwanaume. Nani mwingine atayachunga? Hatuwezi kumlaumu yule mama. Wengi wetu tumefanya vile vile. Lakini kazi ile haikumwingia kijana. Alikuwa anasoma kitabu na mifugo inapotea. Mwaka 1659 alitozwa faini juu kondoo na nguruwe zake zilifanya uharibifu.

Hapo watu wawili walisimama kwa ajili yake. Mmoja alikuwa mjomba wake, aliyekuwa padri wa kanisa la Uingereza na mwenye kusoma. Wa pili alikuwa mkuu wa shule ya Grantham. Walimwendea mama, wakamsihi amrudishe kijana shuleni, na mkuu wa shule akakubali kumsamehe ada waliyolipa wanafunzi wa kutoka nje ya mji. Mama akakubali. Mwaka 1661 Newton aliingia iniversite ya Cambridge, lakini kwa mlango wa nyuma: kwa miaka ya kwanza alikuwa mwanafunzi anayetumikia wengine wenye pesa ili apate kusoma.

Mwaka 1665 akapata diploma yake ya kwanza, na kisha tauni ikaingia. Sisi wa Uvira tunajua kipindupindu, na tunakumbuka jinsi shule zilivyofungwa mwezi wa 3 mwaka 2020 juu ya korona. Cambridge nayo ilifungwa. Newton alirudi kijijini na kukaa karibu miaka miwili yote, hadi 1667. Alikuwa na miaka 22, bila mwalimu. Katika miaka hiyo miwili ya kufungiwa alianza kazi zake kubwa: hesabu mpya ya vitu vinavyobadilika, uchunguzi wa mwanga na rangi, na swali la nini kinachovuta vitu chini. Watu wanapenda kusema kwamba tunda lilimpiga kichwani. Yeye mwenyewe, alipokuwa mzee, alieleza tu kwamba kuona tofaa likianguka kulimfanya awaze: nguvu inayovuta tunda, je, haifiki mpaka kwenye mwezi?

Sasa tueleze kidogo alichopata, ili mzazi naye aweze kumuuliza mtoto wake jioni. Kuko kanuni tatu za mwendo.

Ya kwanza: kitu kilichosimama kinabaki kimesimama, na kinachokwenda kinaendelea kwenda moja kwa moja, mpaka nguvu fulani ikibadilishe. Mwitaliano Galileo, aliyekufa mwaka 1642, alikuwa amekwisha kufungua njia hiyo. Ukipanda motari na dereva akafunga breki ghafula, wewe unarushwa mbele. Hakuna aliyekusukuma. Moto imesimama, mwili wako ulikuwa bado unakwenda.

Ya pili: nguvu inabadilisha mwendo, na kitu kizito kinabadilika polepole zaidi kwa nguvu ile ile. Tuseme mtumbwi wa kilo 200 uko majini, wavuvi wanausukuma kwa nguvu ya newton 100. Kila sekunde mwendo wake unaongezeka nusu meta kwa sekunde. Upakie mzigo hadi kilo 400, usukume kwa nguvu ile ile: sasa unaongezeka robo meta tu. (Hapa hatuhesabu jinsi maji yanavyouzuia.) Na mama anayepandisha bido ya maji ya lita 20 kichwani anabeba karibu newton 200. Anaijua fizike kwa shingo yake.

Ya tatu: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa nguvu sawa, upande wa kinyume. Kasia linasukuma maji nyuma, maji yanasukuma mtumbwi mbele. Ndiyo maana anayeruka ovyo kutoka mtumbwini kwenda ufukweni mara nyingi anaanguka majini: yeye anakwenda mbele, mtumbwi unakimbia nyuma yake.

Juu ya hizo tatu akaweka uvutano: kila kitu kinavuta kingine, na ukizidisha umbali mara mbili, nguvu hiyo inabaki robo. Nguvu moja hiyo inashika mwezi katika njia yake, na inateremsha mvua ya milima ya Mitumba mpaka ziwani. Usiku wa tarehe 16 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitufundisha somo hilo kwa uchungu. Maji yalishuka na mawe makubwa, watu wengi wakafa, maelfu ya nyumba zikaharibika. Wengi walijiuliza namna gani maji yanabeba jiwe ambalo wanaume kumi hawaliinui. Mwendo wa maji ukiwa mara mbili, msukumo wake unakaribia mara nne. Hesabu hiyo si ya mtihani peke yake. Inasema wapi mtu asijenge. Na motari akikimbia kilometa 60 kwa saa kwenye barabara ya RN5, anahitaji karibu mara nne ya umbali wa breki wa yule anayekwenda 30. Mtoto akijua hivyo, anaweza kuokoa mtu.

Turudi kwa Newton. Mwaka 1669, akiwa na miaka 26, alifanywa profesa wa hesabu Cambridge. Lakini karatasi zake nyingi zilikaa ndani ya sanduku, juu hakupenda kubishana na watu. Mwaka 1684 akaja mgeni, Edmond Halley, yule ambaye jina lake lilipewa nyota yenye mkia. Alimuuliza sayari inapita njia gani ikiwa jua linaivuta kwa nguvu inayopungua kufuatana na umbali, kwa kanuni ile ya robo. Newton alikuwa na jibu, lakini karatasi hakuiona. Halley hakumwachia. Alimsukuma aandike upya, na ile kazi ikawa kitabu kikubwa, Principia, kilichotoka mwaka 1687.

Wafadhili wetu, hapa kuna neno lenu. Chama cha wanasayansi cha London, Royal Society, kilipaswa kulipia uchapaji, lakini pesa zake zilikuwa zimekwisha kuingia katika kitabu cha samaki ambacho hakikununuliwa. Halley akalipa kwa mfuko wake, akasoma na kusahihisha kurasa. Hakuwa tajiri sana, na faida yake ilikuwa ndogo. Bila yeye, labda kanuni tatu zingebaki ndani ya sanduku.

Miaka ya mwisho Newton alikaa London. Tangu 1696 alifanya kazi katika kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu, akiwakamata wanaotengeneza pesa za uongo. Tangu 1703 aliongoza Royal Society, na 1705 malkia akampa cheo cha Sir. Hakuwa malaika. Aligombana na Hooke, akagombana na Mjerumani Leibniz miaka mingi, na mwaka 1720 alipoteza pesa nyingi katika biashara ya hisa, yeye bingwa wa hesabu. Hakuoa. Alikufa mwezi wa 3 mwaka 1727, na miaka 84, akazikwa Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa nchi.

Hatutaki kuwadanganya watoto. Newton alikuwa na akili isiyo ya kawaida, na mama yake alikuwa na ardhi. Hakuna aliyechoma nyumba yao, na miaka ile miwili ya tauni alikuwa na chumba, mkate, karatasi na mshumaa. Watoto wetu wengi waliorudi kutoka Nyarugusu na kambi za Burundi hawakupata hata hivyo vinne. Lakini jambo moja ni sawa kwake na kwao. Alipotolewa shule, akili yake haikumrudisha. Aliyemrudisha ni mjomba, mkuu wa shule aliyesamehe ada, na mama aliyekubali kubadili neno lake.

Kwa hiyo tunaomba kila memba mwenye kijana aliyeacha masomo amlete jina lake kwa komite kabla ya mwezi wa 9, hata kama ana miaka 17 ao 18. Tutakwenda pamoja na mzazi kumwona mkuu wa shule. Na ninyi wafadhili, kaye, taa ya jua na minervale ya mwaka mmoja kwa kijana mmoja ni kazi ile ile aliyofanya Halley.